Tsunami (3): Wimbi la Bandarini

Toleo lililopita tuliacha mabamba ya ardhi yakisukumana chini ya bahari mpaka moja likafyatuka. Leo ilikuwa zamu ya vituo vya tahadhari. Lakini tangu tetemeko la Kamchatka, Urusi, la Julai 30, 2025, lenye ukubwa wa 8.8, neno tsunami limerudi vinywani, nami nimelisikia likifasiriwa kuwa ni "maji kujaa", tena na watu wa pwani wanaoijua bamvua tangu utotoni. Siwezi kulinyamazia.

Bamvua ni kazi ya mwezi na jua. Tsunami haihusiani na mwezi hata kidogo. Kwa Kijapani tsu ni bandari, nami ni wimbi: wimbi la bandarini. Inasimuliwa kuwa jina hilo lilitoka kwa wavuvi, na ukilitazama unaona kwa nini. Kwenye kina kirefu wimbi hili hupita chini ya chombo kwa kasi ya ndege, huku limeinuka pengine nusu mita tu. Mvuvi anaendelea kuvuta nyavu zake. Likifika kina kifupi hupunguza mwendo, hujikusanya, hupanda. Jioni mvuvi anarudi na samaki wake, bandari haipo.

Mwaka 1897 mwandishi Lafcadio Hearn aliliingiza neno hilo katika kitabu cha Kiingereza, akisimulia habari za Hamaguchi Goryo. Hearn alimfanya mzee. Kwa kweli alikuwa na miaka 34. Desemba 24, 1854, kijijini Hiro, Japani, tsunami ilipopiga, giza likiingia na watu wakitapatapa wasijue pa kukimbilia, Goryo aliyatia moto marundo ya mabua ya mpunga, moja baada ya jingine, mpaka njia ya kupanda juu ikaonekana. Kisha, kwa fedha zake za biashara ya sosi ya soya, aliwaajiri wanakijiji waliopoteza kila kitu wajenge tuta la mita 600 hivi, kimo mita 5. Mwaka 1946 tsunami ilirudi. Goryo alikuwa kaburini zaidi ya miaka 60, na tuta lake likakinga sehemu kubwa ya kijiji.

Basi tunapoandika "tsunami ya kura" kwa sababu mgombea kashinda vizuri, tunawakosea waliozikwa na neno hili, wakiwamo wa Hafun, Somalia, waliofikiwa Desemba 26, 2004 na wimbi lililotoka Sumatra. Tuseme ushindi mkubwa. Vituo vya tahadhari, toleo lijalo.