Je, Wajua? C Imefurika, D Imelala

Mstari wa diski C ukigeuka mwekundu, watu hukimbilia kuhamisha. Wanakata folda ya picha za harusi kutoka desktopu, wanaibandika Documents, kisha wanashangaa wekundu uko palepale. Desktopu, Documents na Downloads kwa kawaida zote zimo ndani ya C, kwenye folda ya Users, chini ya jina la mwenye kompyuta.

Kinachotokea hapo kina utamu wake. Windows hupanga diski kwa mfumo wa NTFS, uliotoka mwaka 1993, na moyo wake ni jedwali liitwalo MFT. Ni kama daftari la mjumbe wa nyumba kumi: kila faili imeandikwa jina lake, folda yake, na sehemu za diski zilipolazwa data zake. Ukihamisha filamu ya GB 4 kutoka folda moja ya C kwenda nyingine, filamu haisogei hata chembe. Yanayobadilika ni maandishi ya daftarini, ndiyo maana kazi inaisha kufumba na kufumbua. Ukiipeleka diski nyingine mambo ni tofauti. Kila baiti inanakiliwa upya kule, na nakala ikikamilika ndipo ile ya C inafutwa. Kwa hiyo uhamisho uliokwisha papo hapo utilie shaka. Faili ndogo kabisa, tuseme ya herufi mia mbili, hata chumba cha nje hazipewi: hukaa humohumo kwenye MFT, ambako kila faili kwa kawaida ina nafasi ya baiti 1,024.

Kufuta nako kuna hila. Ulichokifuta C huenda kwenye pipa la taka lililo ndani ya C hiyohiyo, na nafasi hairudi mpaka ulimwage.

Njia safi ni kubofya kulia Documents, kufungua Properties, kisha Location, kubonyeza Move na kuchagua folda uliyoitengeneza kwenye diski D. Lakini Program Files usiikate kwa mkono. Anwani za programu zimeandikwa kwenye Registry ya Windows, na ukizihamisha hivyo nyingi zitagoma kufunguka.

Kinachoniudhi ni mafundi wanaoigawa diski moja vipande viwili, C wakaibana kwa GB chache, kisha wakamwambia mteja D ndiyo usalama wake. Usalama gani? Diski ni ileile. Ikifa, zinazikwa zote mbili. Miezi michache baadaye C inajaa, mashine inakuwa nzito, na mteja anaambiwa imezeeka, anunue nyingine. Laptopu nzima inaishia stoo, kisha jalalani pamoja na betri yake, kwa sababu ya faili ambazo zingehamishwa jioni moja. Picha zisizo na mbadala zinataka diski ya nje, na nakala ya pili mahali pengine.

Vingine vinavyoweza kuipunguzia C mzigo: hiberfil.sys, faili iliyofichwa inayoweza kufika GB 6 na ushei kwenye mashine ya RAM GB 16 (amri ya kuiondoa ni powercfg /h off, ila kuwaka kwa haraka nako kutazimika), Windows.old, folda ya Windows ya zamani ambayo kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10, faili za muda, michezo (ile ya Steam huhamishwa ndani ya Steam yenyewe), video za simu, muziki.