Makosa ya Kibinadamu katika Chumba cha Upasuaji

Mwezi Novemba mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili walibadilishana upasuaji. Mmoja aliumwa goti, akapasuliwa kichwa. Mwenziwe alikuwa na uvimbe katika ubongo, akapasuliwa goti. Huyu wa pili alifariki baadaye. Jina lao la kwanza lilikuwa moja.

Hasira ya wananchi wakati ule iliwaelekea madaktari, na haikukosa haki. Hata hivyo, mwanasayansi hana budi kuuliza swali jingine: yawezekanaje watu kadhaa waliosomea kazi yao wapitwe na kosa lile lile bila hata mmoja wao kuliona? Daktari mpasuaji aghalabu humkuta mgonjwa amekwisha kulazwa mezani, amefunikwa, yumo katika usingizi wa dawa. Daktari huamini kuwa muuguzi amehakikisha. Muuguzi huamini kuwa wodini wamehakikisha. Na wodini huenda jina liliitwa tu, mtu akaitika. Kwetu sisi, tuliozoea kumwita mtu kwa jina la kwanza, jina ni kitambulisho dhaifu mno. Tena mgonjwa mwenye hofu aweza kuitikia jina lisilo lake.

Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alitenganisha kuteleza na kusahau, kwa upande mmoja, na kukosea katika mpango wenyewe, kwa upande mwingine. Tofauti hii si mchezo wa maneno. Aliyekosea kwa kutojua hufundishwa. Aliyeteleza aijua kazi yake vizuri, na kumfundisha upya hakumfai, kwa kuwa mkono uliozoea hutenda bila kuiuliza akili.

Chukua mfano wa shashi za kufyonzea damu. Shashi ikilowa hushikamana na nyama, na rangi yake hufanana na ya viungo vya ndani. Ndiyo maana shashi zote huhesabiwa kabla ya upasuaji na tena kabla ya kushona. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa hatari ya kuacha kitu mwilini huongezeka kama mara tisa katika upasuaji wa dharura, na mara nne pakitokea badiliko lisilotazamiwa. La kushangaza zaidi, mara nyingi hesabu ilikuwa imefanywa na kutangazwa kuwa kamili. Anayetarajia kuona kumi huona kumi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukaguliwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchanja ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Lakini mwaka 2014 uchunguzi wa hospitali 101 za Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa maana. Kwa maoni yangu jambo hili halistaajabishi. Karatasi yaweza kujazwa na mtu mmoja pembeni, kazi ikiendelea. Orodha yataka kila aliyemo ataje jina lake na kazi yake, nayo ina sababu: kijana aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi kusema, "Daktari, shashi moja haionekani." Katika jamii ambamo mdogo hafunzwi kumkosoa mkubwa hadharani, hilo ni gumu kuliko kununua mashine.

Hospitali moja ya watoto huko Columbus, Marekani, ilikuwa na tatizo dogo zaidi: theluthi moja hivi ya watoto waliopasuliwa kidole tumbo hawakupata dawa sahihi ya kuua vijidudu kwa wakati unaofaa. Wakatengeneza kipande cha chuma kilichokunjwa mfano wa hema, muuguzi akawa anakifunikia kisu. Mpasuaji, awe na cheo gani, hakuweza kuanza mpaka muuguzi aridhike na kukiondoa. Baada ya miezi 10 kila mtoto alikuwa akipata dawa yake.