Umri Usiopimika: Biashara ya Chai ya Mwitu Yunnan

Katika soko la chai la China, majani ya miti ya mwitu na ya miti mikongwe ya mkoa wa Yunnan huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi ile ya majani ya mashambani, ingawa umri wa mti, ambao ndio msingi wa tofauti hiyo, ni jambo gumu mno kuthibitisha. Afisa mmoja wa eneo hilo anashikilia kwamba mti wa Jinxiu, wilayani Fengqing, una miaka 3,200, na takwimu hiyo hutajwa katika mapatano ya bei kana kwamba imekwisha kuhakikiwa. Hata hivyo, kiini cha shina kongwe la mchai mara nyingi huoza, hivyo pete za ukuaji, yaani miduara inayoongezeka mwaka hadi mwaka ndani ya shina, haziwezi kuhesabiwa zote, na shina lenye mzingo wa karibu mita 6 laweza kuwa mashina kadhaa yaliyoungana. Afisa huyo haelezi hesabu yake ilivyofikiwa, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Thamani iliyo dhahiri zaidi imo katika maisha yenyewe ya mmea. Mbegu ya chai ni nzito, ina mafuta mengi, hufa ikikauka, na huangukia karibu na mti ulioizaa, kwa hiyo mchai hauenei mbali upesi bila mkono wa binadamu. Na kwa kuwa ua halitungi mbegu vyema kwa chavua ya mti uleule, kila mche huwa na mchanganyiko wake wa kurithi, na miti miwili jirani yaweza kutoa ladha mbili. Camellia taliensis, spishi iliyo ndugu wa chai ya kawaida, humea katika misitu ya milimani ya magharibi na kusini mwa Yunnan hadi kaskazini mwa Myanmar, penye ukungu na udongo wenye tindikali. Miti ya mlima Jingmai, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, ni jambo jingine: ilipandwa na mababu wa Wablang na Wadai chini ya kivuli cha msitu, lakini madalali huiita ya mwitu pia.

Mfanyabiashara mmoja wa Menghai, mkoani humo, analalamika kwamba majani ya mashamba ya tambarare hupandishwa vijijini msimu wa kuchuma, yakachanganywa na ya miti mikongwe, yakashuka tena yakiwa na jina la mlima na bei yake. Anayelipa bei halali kwa mkulima, anasema, hushindwa na anayechanganya, kwa sababu yakishakaushwa na kushindiliwa kuwa vigae, ni wachache wawezao kuyatofautisha kwa ulimi. Lalamiko hilo lina uzito: bei za pu'er, chai ya Yunnan inayoshindiliwa hivyo, zilipanda kupita kiasi na kuporomoka mwaka 2007, na uaminifu wa soko uliumia.

Kanuni za mkoa za kulinda miti mikongwe zinatumika tangu 2023, lakini ulinzi wa karatasi haumfikii kila mchumaji aliye msituni, na kuna taliensis zilizokatwa ili majani yachumwe kwa urahisi. Hata kabla ya kanuni hizo, mti maarufu wa mwitu wa Bada, mkoani humo, uliosemekana kuwa na miaka 1,700, ulianguka mwaka 2012.

Kwa wakulima wa Kericho au Mufindi, ambao michai yao mingi ni ya jamii ya Assam na sehemu kubwa ya mashamba mapya hutokana na vipandikizi vya kloni chache, yaani miche inayofanana kabisa kwa kurithi, misitu ya Yunnan ni ghala la sifa ambazo ukame na magonjwa huenda yakazidai. Bei ya Yunnan hailipii ghala hilo, hulipia umri. Mahitaji yakipungua, msitu unaweza kupumzika, au ukafyekwa kupisha zao jingine, na wafanyabiashara waliohojiwa hawakubaliani ni lipi litatangulia.