Kolelo, Hongo na Usawiri wa Miungu katika Tamthilia ya Kiswahili

Mtu asimamapo Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, huona kwanza makonde ya kabichi, njegere na viazi, juu yake msitu, na juu ya msitu ukungu ulioufunika uwanda wa Lukwangule. Sehemu kubwa ya mvua haimfikii. Pepo za Bahari ya Hindi huipiga milima kutoka mashariki, na huko ndiko zinakoutua mzigo wao wa maji. Upande huo huo ndiko liliko pango la Kolelo. Tunaanza na jiografia kwa makusudi, kwani aghalabu mwanafunzi wa fasihi humkuta Kolelo, pamoja na mwenzake Hongo, ndani ya habari za Vita vya Majimaji tu. Hivyo humjua mchochezi wa vita asimjue mwenye mvua.

Waluguru, na Wazaramo wa nyanda za chini, walimwendea Kolelo kuomba mvua na rutuba. Alisimuliwa kuwa nyoka mkubwa akaaye pangoni, na maneno yake yaliwafikia watu kwa vinywa vya walinzi wake. Hakuwa Mulungu, yaani Mungu mwenyewe. Kisha, kwa mujibu wa habari ambazo mmisionari Mjerumani Martin Klamroth alizipata kwa Wazaramo, ikasemekana mwaka 1905 kwamba Kolelo amewakataza watu kuendelea kulipa kodi ya Wajerumani. Wapo walioona hapa mungu aliyegeuka tabia. Mimi sioni mgeuko. Tangu 1902 utawala ulikuwa umewalazimisha watu wa maeneo ya pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, na mikono iliyohitajika kwenye mtama na mpunga ikachukuliwa msimu wa kilimo. Mlinzi wa mavuno angenyamazaje?

Kiswahili chenyewe nacho kimechangia kutoeleweka huku. Neno “mzimu” hukaa katika ngeli moja na mti, mto na mlima. “Mungu” ni mtu katika umoja, lakini wingi wake, “miungu”, hurudi kwenye ngeli hiyo hiyo ya miti. “Pepo” ni wingi wa upepo, na ni jina la kiumbe kisichoonekana. Maneno haya hayajamhukumu mtu. “Shetani”, lililotujia kutoka Kiarabu, limekwisha kuhukumu kabla masimulizi hayajaanza. Anayemwita Kolelo shetani hahitaji tena kueleza kwa nini watu walipanda mlima kumwomba.

Sasa tumtazame Ebrahim Hussein. Katika dibaji ya tamthilia yake *Kinjeketile* (1969) anatuonya kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu. Kinjeketile Ngwale wa historia, aliyesemekana kupagawa na Hongo huko Ngarambe mwaka 1904, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza siku chache tu. Katika tamthilia, Hongo hana sauti yake mwenyewe jukwaani. Tunamjua kwa kinywa cha Kinjeketile. Na pale Kinjeketile anapokumbuka kwamba alitamka kuwa watakuwa watoto wa Seyyid Said, shaka humwingia: ni nani hasa aliyesema ndani yake? Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa kazi nzima. Jibu jepesi la darasani, kwamba Hongo aliwadanganya watu, linampa mungu kauli ambayo mtunzi hakumpa. Shaka ya Hussein inamwangukia mwanadamu anayefasiri.

Chinua Achebe alikuwa amekwisha kupita njia jirani katika *Arrow of God* (1964). Ezeulu, kuhani wa Ulu, anakataa kutangaza mavuno ya viazi vikuu. Njaa inawasukuma watu kanisani, na kuhani mwenyewe habaini kama amemtii mungu wake au kisasi chake. Waandishi wa leo wa Magharibi wamechagua njia nyingine. Madeline Miller, katika *Circe* (2018), anampa mungu wa kike wa Wayunani nafasi ya kusimulia mwenyewe maisha yake, na kumwosha sifa mbaya ya uchawi.

Je, mwandishi wa Kiswahili amfanyie Kolelo vivyo hivyo? Nasita. Circe hana wajukuu wa waumini wake watakaouliza nani kampa mwandishi idhini. Kolelo anao, na wengi wao leo ni Wakristo na Waislamu. Tena Kolelo hakusema kamwe bila kinywa cha mwingine. Riwaya itakayomfanya aseme “mimi” kutoka ukurasa wa kwanza itakuwa imemkosea upya, kwa namna nyingine. Umbo linalomfaa, nadhani, ni la wasimulizi kadhaa wasiokubaliana: mlinzi wa pango, akida mdai kodi, katekista, na mkulima wa Mgeta anayeyatazama mawingu yakiishia upande wa pili wa mlima.