Kuteleza na Kuendesha: Istilahi ya Mchezo wa Luji

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku kuteleza si sifa njema. Anayeteleza ni yule aliyekanyaga tope bila kutazama, au aliyetamka neno asilolikusudia. Kwa hiyo, tukisoma kwamba mwanamke fulani "ameteleza akapata medali ya dhahabu", hatuna budi kujiuliza kama lugha yetu imemtendea haki.

Mwanamke tunayemkusudia ni Natalie Geisenberger, Mjerumani aliyezaliwa mjini Munich mwaka 1988. Mchezo wake, uitwao luge kwa Kifaransa, umo katika Olimpiki ya majira ya baridi tangu mwaka 1964. Mchezaji hulala chali juu ya sleji ndogo, miguu ikitangulia, akashuka katika mfereji wa zege uliofunikwa kwa barafu, kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 120 kwa saa. Chombo hicho hakina usukani wala breki. Mchezaji hukiongoza kwa kubana sehemu za kutelezea kwa mashavu ya miguu na kwa kukandamiza mabega. Muda hupimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde.

Geisenberger alipata medali ya shaba huko Vancouver mwaka 2010. Kisha huko Sochi mwaka 2014, Pyeongchang mwaka 2018 na Beijing mwaka 2022 alitwaa dhahabu peke yake, na nyingine pamoja na timu yake: jumla dhahabu 6. Mwaka 2020, katikati ya safari hiyo, alijifungua mtoto. Katika mashindano ya mtu mmoja mmoja hujumlishwa muda wa miteremko 4. Hivyo ushindi wake mara tatu ulijengwa juu ya miteremko 12. Bahati haimbebi mtu umbali huo.

Maelezo yaliyozoeleka, yaani "mchezo wa kuteleza kwenye barafu", ni mapana mno. Yanamhusu pia anayesimama juu ya viatu vyenye makali, anayeketi na wenzake ndani ya sleji kubwa, na anayelala kifudifudi kichwa kikitangulia. Istilahi isiyotenganisha haijatimiza kazi yake.

Tunaonelea neno hilo litoholewe kuwa luji, kwa maana ya chombo na ya mchezo wenyewe. Mchezaji aitwe mwanaluji, kwa kufuata mwanariadha na mwanamasumbwi. Jina hilo halibagui mume na mke. Kitenzi kiwe kuendesha. Kuteleza humpata mtu. Kuendesha hufanywa na mtu.

Basi na iandikwe: "Mwanaluji Geisenberger aliendesha luji yake akashinda." Wasomaji wenye pendekezo lililo bora zaidi tunawaomba watuletee.