Kutoka Mlangoni Hadi Ndani



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, twasoma habari za mtu aliyezaliwa kiwete. Kila siku watu walimbeba na kumweka kwenye mlango wa hekalu ulioitwa Mzuri, apate kuomba sadaka. Watu wale walikuwa na huruma, maana kumbeba mtu mzima kila siku si kazi nyepesi. Lakini huruma yao ilimfikisha mlangoni tu.

Nasi tumefanya vivyo hivyo. Jumapili tukitoka ibadani twamkuta kijana mlemavu nje ya kanisa. Twampa shilingi, twamwombea baraka, kisha twaenda zetu. Hatumwulizi anajua kazi gani. Majoho ya kwaya yakitaka kushonwa, twayapeleka kwa fundi mwingine.

Mwaka 1969, huko Bombolulu, bara ya kaskazini ya Mombasa, chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilianzisha karakana. Siku zile polio ilikuwa imewalemaza vijana wengi miguu, lakini mikono yao ilikuwa mizima. Wakafundishwa kutengeneza mapambo, kushona nguo, kuchonga mbao na kufanyiza vitu vya ngozi. Bidhaa zao ziliuzwa kwa wageni na kupelekwa ng'ambo, nao wakapokea mshahara badala ya sadaka.

Siri ya kazi kama hii ni kwamba kazi humfuata mtu alivyo. Asiyeweza kukanyaga cherehani kwa miguu hupewa ya kuzungusha kwa mkono. Meza hushushwa ifike kwenye kiti cha magurudumu. Penye ngazi hujengwa njia ya mteremko. Kumbe mara nyingi kilichomzuia kijana si mwili wake, bali ni ngazi yetu!

Lakini ndugu, karakana haiishi kwa kusifiwa. Huishi kwa wanunuzi. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Anayenunua kwa sababu kitu ni kizuri hurudi. Basi tuwadai kazi safi kama tunavyomdai fundi mwingine yeyote, na tuwalipe bei ya haki, kwa wakati wake.

Pengine mtu atasema, "Petro alimponya yule kiwete, sisi hatuna uwezo huo." Lakini kumbukeni, Petro alimshika mkono, akamwinua. Mkono tunao. Na yule mtu hakubaki mlangoni. Aliingia hekaluni pamoja nao.

Juma hili, kabla ya kutoa shilingi, tumwulize kijana yule jina lake na kazi anayoiweza. Kisha tumpe kazi hiyo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyefanya kazi ya useremala kwa mikono yako, utusamehe kwa kuwaacha ndugu zetu mlangoni. Utufundishe kuwafungulia. Amina.