Kuchagua Mulima wa Theluji: Neno kwa Wenye Watoto Kule Michigan

Labda na wewe umepata picha ile kwa simu: mutoto wa dada yako, aliyekomalia Likasi ao Kolwezi, amesimama katika theluji (ile tunaitaka neije), amefungwa miguu yote mbili juu ya ubao mumoja, na anacheka. Jamaa nyingi za Congo zenye kusema Kiswahili zinaishi leo katika muji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Wakati wa baridi ukifika, vijana wa masomo wanaalikana kwenda kuteleza mulimani. Wamama huku wanauliza: "Pasta, ule ni muchezo gani? Hawatavunjika?" Jibu ni hili: inategemea mulima wanaochagua. Milima yote haifanane hata kidogo.

Kwanza ujue ya kwamba muchezo huu ni mutoto wa Michigan yenyewe. Siku ya Noeli mwaka 1965, katika muji wa Muskegon, kando ya ziwa, mutu mumoja jina lake Sherman Poppen alikamata ski mbili, akazifunga pamoja, ili binti zake wasimame juu yake kama vile watu wanavyosimama juu ya mawimbi ya bahari. Bibi yake akaita kitu kile Snurfer. Haikufunga miguu, kulikuwa tu na kamba kule mbele ya kushika. Kuanzia mwaka 1977, Jake Burton Carpenter kule Vermont alitengeneza mbao za nguvu zaidi. Katika miaka ya 1980 wenye milima wengi waliwafukuza vijana wa ubao. Leo kunabaki milima mitatu tu ya Marekani yenye kukataza: Alta, Deer Valley na Mad River Glen. Hakuna hata mumoja ulio Michigan.

Basi kijana wa Grand Rapids aanzie wapi? Karibu na nyumba! Kando ya muji kuna Cannonsburg. Ni kilima kifupi, kama metre 75 toka juu hata chini. Wengine wanakicheka. Lakini mutu anayejifunza hahitaji urefu. Anahitaji kushuka mara makumi mbili kwa siku moja, aanguke, asimame, arudie. Tena kuna taa za usiku, na hilo ni jambo kubwa, sababu mwezi wa kumi na mbili jua linazama kule saa kumi na moja, na vijana wetu wengi wanatoka masomo ao kazi saa ile ile.

Hapa nataka muzazi asikilize vizuri. Kila njia ya mulima iko na alama yake. Duara ya kijani ni njia nyepesi. Kipande cha bluu cha pembe ine ni ya katikati. Almasi nyeusi ni ya wenye kujua, na almasi mbili ni ya wenye kujua sana. Lakini alama hizi zinalinganisha njia za mulima ule ule tu. Almasi nyeusi ya kilima kidogo inaweza kuwa nyepesi kuliko bluu ya mulima mukubwa. Kijana anayesema, "Mimi nashuka nyeusi," umuulize kwanza: nyeusi ya wapi?

Uulize pia namna gani watu wanapanda. Kiti chenye kuning'inia kwenye kabele ni kizuri. Kamba ya kushika kwa mikono inamusumbua sana mutu wa ubao anayeanza, kwani yeye anasimama kwa upande, si uso mbele kama mutu wa ski. Na pahali pa tambarare ni mateso: wa ski ako na fimbo mbili za kujisukuma, wa ubao hana, anafungua muguu na kutembea.

Theluji yenyewe nayo, inatoka wapi? Sehemu nyingi inatengenezwa. Watu wa mine watafahamu upesi: kuna kompresere, kuna tuyo la maji, kuna tuyo la hewa. Hewa ya nguvu inapasua maji kuwa matone madogo sana, na baridi iliyo chini ya zero inayagandisha kabla hayajafika chini. Siku za joto mashini inanyamaza. Halafu usiku baridi inarudi, na kesho yake asubuhi mulima ni barafu ngumu kama simenti. Anayeanza asiende siku ya namna hiyo.

Akishajua, apande Caberfae, karibu na muji wa Cadillac, mulima uliofunguliwa mwaka 1938. Urefu wake ni karibu metre 150. Wenyewe waliongeza udongo juu ya vilele ili virefuke. Watu wa Lubumbashi wenye kuijua terili yetu hawatashangaa kwamba mulima unaweza kujengwa.

Lakini mimi moyo wangu uko kaskazini zaidi, kule wanaita inchi ya shaba. Ndiyo, shaba! Si malachite kama yetu. Shaba yao ilikaa ndani ya jiwe ikiwa chuma safi. Mine ya Quincy, juu ya muji wa Hancock, ilianza mwaka 1846, ikasimama mwaka 1945. Shimo lake moja linashuka kwa mutelemuko karibu metre 2,800. Mwaka 1885 walianzisha masomo makubwa ya mine katika Houghton, ngambo ya maji. Leo ni universite ya Michigan Tech, na ndiyo mwenyeji wa mulima wa Mont Ripley, wenye metre kama 130. Na maji ya kutengeneza theluji ya Mont Ripley yanatoka ndani ya mashimo ya Quincy yaliyojaa maji. Huku kwetu maji ya mine tunayafukuza kwa pompe usiku na muchana. Kule watoto wanateleza juu yake.

Theluji ya Mungu nayo haikosi. Upepo wa baridi unapita juu ya ziwa Superior, unabeba maji, unayaachilia juu ya inchi ile. Wakati wa baridi wa 1978 mpaka 1979 walipima karibu metre 10.

Mbele zaidi kuna Mount Bohemia, uliofunguliwa mwaka 2000: metre 270 na zaidi, miti, mawe, hakuna mashini ya kulainisha njia, hakuna theluji ya kutengenezwa. Wao wenyewe wanatangaza kwamba anayeanza asije. Na picha zake ndizo nzuri kupita zote, ndiyo maana vijana wanaitamani. Toka Grand Rapids ni zaidi ya saa nane za njia, kupitia daraja kubwa la Mackinac. Mimi ningesema: mwaka wa kwanza, hapana. Mwaka wa tatu, tutazungumuza.

Neno la feza, sababu hospitali ya Marekani si ya muchezo. Mutu wa ubao anayeanza anavunjika mara nyingi kifundo cha mukono, kwani anaanguka na kutanguliza mikono. Kuna vikingio vya kifundo, tena kofia ngumu kama ile ya mine. Vitumiwe vyote viwili. Ubao na viatu vinakodishwa pale pale, musinunue. Saa moja na mwalimu inapita siku nzima na rafiki anayejivuna. Na kijana asiondoke nyumbani mbele ya kuuliza kama ako na asiransi ya hospitali, na kama karatasi yake ingali inafanya kazi mwezi ule.

Kama mutoto wako anaandika kwamba Jumamosi wanakwenda, umujibu kwa maneno mafupi: Cannonsburg, alama ya kijani, vikingio vya mikono, na aite simu akirudi.